Mwalimu, Vitabu na Ukungu

Kazi ya mtu hueleza namna apatavyo riziki yake, lakini starehe yake hueleza namna alivyo. Kazini mtu huongozwa na kengele, na mkaguzi, na hofu ya kukosa mshahara. Starehe haina kengele wala mkaguzi. Huko ndiko moyo uendako kwa miguu yake wenyewe. Kwa hiyo atakaye kumjua mwalimu asitosheke kumtazama mbele ya ubao ameshika chaki. Amngoje hata saa kumi jioni, watoto wakiisha kutawanyika, aone anashika njia ipi, na mkononi amechukua nini.

Mwalimu anayeelezwa hapa ni mtu wa milima ya Usambara, na nyumba yake iko mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka mji wa Lushoto. Jina lake si la lazima. Mji wenyewe uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, wakaufanya makao ya wilaya yao, kwa sababu baridi yake iliwakumbusha kwao. Atokaye Mombo huacha nyuma joto la nyika na mashamba ya mkonge, akapanda barabara inayojipinda kama nyoka aliyechokozwa, akapita Soni penye maporomoko ya maji, ndipo akafika penye kabichi, karoti, mapea na viazi. Wenyeji tangu kale hutofautisha nchi hizo mbili: ya chini ni nyika, ya juu ni Shambaai. Tofauti yao si ya urefu wa milima tu. Ni ya hewa, na miti, na mvua, na desturi za watu.

Katika nchi hiyo ya juu, ukungu ni jirani asiyebisha hodi. Huingia asubuhi kwa dirisha, ukakaa kitandani, ukakaa katika nguo, ukakaa katika chumvi. Kiswahili kimelipa neno hili maana mbili: ukungu ni ule moshi wa maji unaofunika bonde, na ukungu ni ile mvi ya kijani inayoota juu ya mkate, kiatu na kitabu. Mahali pengine maana hizo mbili hazijuani. Usambara ni mama na mtoto.

Mwalimu huyu hakuzaliwa katika nyumba ya vitabu. Mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaazimia kwamba watoto wote waliofikia umri wa shule wapate elimu ya msingi kabla ya mwaka 1977 kwisha. Azimio lilikuwa jema, lakini walimu hawakutosha. Basi vijana waliomaliza darasa la saba walichaguliwa, wakafunzwa ualimu vijijini huku wakifundisha. Yeye alikuwa mmoja wao. Alisimama mbele ya watoto ambao wakubwa wao walipungukiwa naye miaka minne tu. Mpango ule ulijulikana kwa herufi tatu, UPE, na watu wenye ulimi mwepesi wakazipa herufi hizo tafsiri yao: Ualimu Pasipo Elimu.

Dhihaka hiyo ilimchoma kuliko umaskini. Mtu aliyetukanwa kwa kosa lake hujirekebisha; aliyetukanwa kwa upungufu ambao hakuutaka hana pa kukimbilia ila kuujaza. Akaanza kusoma usiku kwa kibatari ili kesho awe mbele ya wanafunzi wake kwa ukurasa mmoja. Mwanzo alisoma kama mtu anywavyo dawa. Baada ya mwaka wa pili akasoma kama mtu mwenye kiu anywavyo maji. Baada ya mwaka wa tano hakuweza tena kusema kiu iliishia wapi na starehe ilianzia wapi. Hivyo ndivyo hofu ya kuaibika ilivyogeuka kuwa mapenzi ya maisha, na mapenzi mengi ya dunia yana asili ya namna hiyo, ijapokuwa wenyewe husema yalianza kwa urembo.

Katika vitabu vyake vyote, kilichotangulia moyoni mwake kilikuwa Habari za Wakilindi. Kitabu hicho kilitungwa na Abdallah bin Hemedi, mtu aliyewatumikia Wakilindi na kuwasikia kwa masikio yake. Kilipigwa chapa kwanza Magila na wamisionari kwa sehemu sehemu, kati ya mwaka 1895 na 1907, kisha kikatolewa tena Nairobi mwaka 1962. Mwalimu alipata nakala ya chapa hiyo ya 1962 kwa mzee mmoja karani aliyekuwa anahama. Aliilipia debe mbili za maharage, na mpaka leo husema kwamba mzee yule alidanganyika.

Ndani ya kitabu hicho humo habari za Mbegha, mtu wa Ngulu, ambaye meno yake ya juu yaliota kwanza, akahesabiwa kigego, yaani mtoto wa mkosi. Wazazi wake walipokufa, ndugu zake walimnyima urithi. Akatoka na mbwa wake na mikuki yake, akawinda nguruwe porini, akapanda Usambara. Nyama aliyoiwinda aliigawa, na mashauri aliyoletewa aliyaamua kwa haki. Mwisho watu wa milima wakampa nchi, na Vuga ikawa mji wa wafalme wa ukoo wake mpaka siku za Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, na baada yake. Wanachuo husoma habari hiyo wakatafuta ndani yake historia na hila za utawala. Mwalimu aliisoma kama barua iliyoandikwa kwake. Aliyeitwa kigego na aliyeitwa mwalimu pasipo elimu walielewana bila mkalimani.

Baada ya kitabu hicho alivipenda vya Shaaban Robert, mtu wa Tanga, jirani wa pwani. Alipenda Kusadikika kwa ujasiri wa Karama mbele ya mfalme, na Utubora Mkulima kwa sababu kilimtetea mtu aliyeacha kalamu za ofisi akashika jembe. Vilevile aliheshimu tafsiri za Julius Nyerere, ambaye naye alikuwa mwalimu wa shule, Tabora na kisha Pugu, kabla siasa haijamchukua mwaka 1955. Katika kazi zote za dola, Nyerere alipata nafasi ya kutafsiri Julius Caesar wa Shakespeare, chapa ya kwanza ikatoka mwaka 1963, akairudia ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Na mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi. Kila mtu alipomwambia Mwalimu kwamba hana nafasi ya kusoma, alijibu kwa upole, "Nafasi haipatikani, bwana. Nafasi hutengwa."

Starehe yake ya pili ilikuwa kutembea na daftari. Siku za Jumamosi alishika njia ya Magamba penye msitu, au ya Irente, ambako mlima hukatika ghafula, na nyika ya Mombo huonekana chini kama mkeka uliotandikwa. Njiani aliuliza majina. Aliuliza wazee majina ya miti kwa Kishambaa, akaandika mkulo, mti ambao wataalamu wa mimea wameuita Ocotea usambarensis na hivyo kuupa milima hiyo iwe jina lake duniani kote. Aliandika habari za ua dogo la zambarau liotalo kivulini penye miamba yenye unyevu. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata likaandikwa katika elimu ya mimea kwa jina la Saintpaulia. Afisa huyo alikuwa pia ametunga kitabu cha kufundishia Kiswahili mwaka 1890. Leo ua hilo limepandwa katika vyungu madirishani Ulaya na Marekani, na mtoto wa Usambara hulikanyaga akifukuza mbuzi pasipo kujua kwamba amekanyaga mtu mashuhuri.

Katika daftari hilo yalikuwamo maneno mawili aliyoyapigia mstari. Wazee walisema kuzifya shi, yaani kuiponya nchi. Na kubana shi, yaani kuiharibu nchi. Mvua ikinyesha kwa wakati na watu wakapatana, nchi imepona; njaa ikiingia na wakubwa wakigombana, nchi imeharibiwa. Mwanahistoria wa Marekani, Steven Feierman, aliyapa maneno hayo mahali pakubwa katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya wakulima wa Usambara wenye fikra. Mwalimu aliyaandika kwa sababu nyingine. Alikuwa amegundua kwamba wanafunzi wake hawakuyajua, na neno lisilojulikana na watoto ni kama chemchemi iliyofunikwa na majani: maji yangalimo, lakini hapana anayeteka.

Burudani aliyoipenda kuliko zote, ukiacha vitabu, ilikuwa bao. Mashimo 32, kete 64, na watu wawili wanaokaa kimya kana kwamba wanaswali. Mshindani wake alikuwa seremala asiyejua kusoma hata jina lake, na seremala huyo alimfunga mara nyingi kuliko alivyofungwa. Kete ya mwalimu ililala mapema. Kete ya seremala ilizunguka, ikala, ikazunguka tena, mpaka watazamaji wakaanza kucheka. Mwalimu hakuchukia. Alisema kwamba mtu anayesoma sana anahitaji mahali pa kushindwa kila juma na mtu asiyesoma, la sivyo kichwa chake kitavimba mpaka kofia ikatae. Nyerere naye alikuwa mpenzi wa bao, na mwalimu alipokumbushwa hayo alitabasamu, akauliza kama huko Butiama hapakuwa na maseremala.

Mapenzi yake madogo yalikuwa mengi, na hayahitaji maneno mengi: chai ya milimani yenye tangawizi, makande yaliyolala yakapashwa moto asubuhi, mashairi yakighaniwa redioni, harufu ya kitabu kipya, na swali la mtoto linalomfanya mwalimu anyamaze. Hili la mwisho aliliweka juu. Alisema darasa ambalo mwalimu hajanyamazishwa hata mara moja kwa mwaka ni darasa lililolala.

Machukizo yake yalijulikana kijiji kizima. Alichukia hotuba ndefu, hasa ya mtu anayeanza kwa kusema hatachukua muda mrefu. Alichukia kukariri kusikokuwa na maana, mtoto akatoa jibu sahihi kama kasuku atoavyo salamu. Alichukia fimbo, akisema ni lugha ya mtu aliyeishiwa maneno. Alimchukia, kwa adabu, mtu yeyote aliyesema kwamba Kiswahili hakitoshi kubeba elimu. Alimwuliza lugha hiyo ameipimaje, na kwa mizani gani, na kama yeye mwenyewe amepata kuibebesha mzigo wowote ikaanguka. Simu za siku hizi hakuzichukia. Alishangaa tu kwamba chombo kinachoweza kuchukua maktaba nzima hutumiwa sana kuchukua picha ya sahani ya chakula.

Lakini machukizo makubwa kuliko yote yalikuwa kuazimwa kitabu. Hapa ndipo mapenzi na machukizo yalipokutana mlango mmoja, na hapana lililokubali kumpisha mwenzake. Kitabu kilichoazimwa kilirudi na kona zimekunjwa, au na alama ya mafuta ya taa, au na jina la mpenzi limeandikwa ukingoni, au hakikurudi kabisa. Kwa mtu aliyejenga heshima yake ukurasa kwa ukurasa, kila karatasi iliyopotea ilikuwa tofali lililong'olewa ukutani. Aliogopa kwamba siku vitabu vitakapotoweka, watu wangemwona nyuma yake yule kijana wa darasa la saba angali amesimama, ameshika chaki. Kwa hiyo vitabu vya kawaida alivitoa kwa manung'uniko, na vile alivyovipenda alivifungia katika sanduku la bati chini ya kitanda. Habari za Wakilindi kilikuwa chini kabisa, kimefungwa kwa kanga.

Palikuwa na msichana wa darasa la saba, mjukuu wa ukoo wa Wakilindi, aliyesikia darasani habari za Mbegha. Alikuja kuomba kitabu mara ya kwanza. Akaambiwa aje baada ya mtihani. Akaja mara ya pili. Akaambiwa kitabu ni kizee, hakistahimili safari. Mara ya tatu alisimama mlangoni akasema, "Shikamoo Mwalimu. Sikuja kukichukua. Naomba nikisomee hapa hapa uwanjani, wewe ukiniona." Mwalimu alimwahidi kwamba masika yakiisha atakitoa, kwa maana mvua ilikuwa nyingi, na karatasi huogopa maji.

Masika ya mwaka ule yalikuwa marefu. Mvua zilipokatika, sanduku likatolewa juani. Kanga ilikuwa imeota mvi ya kijani. Kitabu kilikuwa kimegandana. Kurasa za katikati zilifunguka vipande vipande kama jani la mgomba lililochemshwa, na zaidi ya nusu ya maneno hayakusomeka. Vitabu vingine vya sandukuni viliharibika vilevile. Lakini Kusadikika, kilichoazimwa na watu ishirini au zaidi, kilichokunjwa na kupakwa mafuta na kupoteza jalada, kilikuwa mezani kwa jirani kikikauka karibu na jiko, na herufi zake zote zilikuwa hai.

Mwalimu alikaa juu ya kizingiti muda mrefu. Hakumlaumu mtu, maana hapakuwa na mtu wa kulaumiwa. Ufunguo wa sanduku ulikuwa mfukoni mwake. Kitabu kilichomwambia kwamba Mbegha hakupata nchi kwa kuficha nyama, yeye alikuwa amekificha mpaka kikaoza kama nyama. Ukungu haukukihukumu kwa kuwa kizee. Ulikihukumu kwa kuwa peke yake. Kitabu kinachofunguliwa hupata hewa, na kinachosomwa hupata jua.

Juma lile lile alimwita msichana. Kwa muda wa mwezi mzima, kila jioni, walikaa uwanjani na daftari jipya. Yeye alisoma kwa sauti kila ukurasa uliookoka, na palipokatika mwalimu alisimulia kwa kumbukumbu, akisema wazi kila mara, "Haya si maneno ya kitabu, haya ni yangu." Msichana akaandika ya kitabu kwa wino wa buluu na ya mwalimu kwa wino mwekundu. Babu wa msichana alikuja siku ya nne kusikiliza. Siku ya sita alianza kusahihisha. Siku ya kumi walikuwapo wazee watatu na watoto tisa, na seremala wa bao aliacha kete zake akaja, akasikia kwa mara ya kwanza kilichomo ndani ya kitu ambacho rafiki yake alikipenda kuliko ushindi. Daftari lilipokwisha, mwalimu alilishika mkononi kwa dakika moja, kisha akampa msichana aende nalo. Wamjuao wanasema dakika hiyo ilimgharimu kuliko debe mbili za maharage.

Alipostaafu alilipwa kiinua mgongo, na mashauri yakaingia nyumbani. Yeye alitaka chumba cha vitabu. Mkewe, aliyevumilia miaka mingi vitabu vikila nafasi ya unga, alisema, "Baba watoto, karatasi haikingi mvua." Naye akajibu, "Kweli, mama, na mvua haisamehi karatasi." Wakapatana: bati jipya kwanza, kwa faida ya watu na vitabu pamoja, kisha chumba cha mbele kikapewa rafu za mbao, zimeinuliwa kutoka sakafuni, na benchi moja, na dirisha linalotazama mashariki. Kila Januari na Februari, jua likiwa kali, vitabu vyote hutolewa nje vikatandazwa juu ya mikeka, na watoto hulipwa viazi vya kuchoma kwa kazi ya kuvigeuza. Orodha ya wanaoazima huiandika mke, si mume. Yeye hana huruma na mtu anayechelewesha kitabu. Huenda kukidai mpaka shambani. Mwalimu husema kwamba laiti angalijua hayo miaka thelathini iliyopita, asingalinunua kufuli.

Msomi aliyeko chuoni, ambaye vitabu vyake vimo katika jumba lenye taa na walinzi, aweza kuyaona haya kuwa mambo madogo ya kijijini. Lakini ukungu haukai milimani tu. Mna ukungu wa elimu iliyofungiwa katika lugha isiyoeleweka na waliozaliwa nayo. Mna ukungu wa utafiti ulioandikwa juu ya watu na usiowafikia watu hao. Mna ukungu wa mtu aliyesoma mengi kwa sababu ya kuogopa kudharauliwa, na hofu hiyo ikamzuia kumpa mwingine alichopata. Huo wa mwisho huota polepole, na mwenyewe ndiye wa mwisho kuuona, kwa maana sanduku lake limefungwa na ufunguo anao.

Mapenzi ya mtu ni mali yake, na hapana sheria inayomlazimisha kuyagawa. Hata hivyo kuna vitu ambavyo havidumu kwa mwenyewe ila kwa kupita mikononi mwa wengine: moto ni kimoja, lugha ni cha pili, na kitabu ni cha tatu. Wazee wa Shambaai waliuliza juu ya kila mkubwa kama anaiponya nchi au anaiharibu. Swali hilo laweza kuulizwa pia juu ya starehe ya mwalimu. Starehe ya mwalimu huyu ilianza kwa kumponya yeye peke yake, na ilichukua miaka mingi, na kitabu kimoja kilichooza, kabla haijaanza kuponya nchi.